Sonunbu na Njia ya Barua

Hakuna neno lililomchosha Sonunbu kama "pumzika". Tangu ahamie mjini Bishkek kwa mwanawe, ghorofa ya tano, neno hilo lilimfuata toka jikoni hadi sebuleni. Akishika ufagio, "Mama, pumzika." Akiinama kumfunga mjukuu kamba za viatu, "Mama, kaa, pumzika." Walimwambia kwa upendo, na hilo ndilo lililomkera zaidi, maana mtu akikutukana unaweza kumjibu, lakini mtu akikupenda kwa kukukalisha kitako mchana kutwa utamwambia nini? Alikuwa na miaka sitini na tisa. Ishirini na minane kati ya hiyo alikuwa tarishi wa posta, juu ya farasi, mfuko begani, akiwapelekea wafugaji wa milima ya Narin habari za harusi na misiba na magazeti ya wiki iliyopita. Sasa kazi yake kubwa ilikuwa kumenya viazi, na hata viazi vyenyewe walimchagulia vikubwavikubwa ili asisumbuke.

Jioni moja ya mwezi wa Juni, chakula kikiwa mezani, mkaza mwana wake Jipara aliweka kijiko chini akatangaza jambo. Jipara alisomesha kemia shule ya sekondari, na hata nyumbani alisema kama mtu ambaye muda si mrefu atauliza maswali.

"Mwaka huu ziwani hatuendi."

Mumewe, Kubat, akaacha kutafuna. Kubat alikuwa fundi wa miwani. Kutwa alikaa akichonga vioo, na alipopata likizo alichotaka ni kukaa mahali pengine.

"Hatuendi kwa nini? Limekauka?"

"Tunaokauka ni sisi. Mwaka jana tulikaa siku kumi. Tukafanya nini? Tukala, tukalala, tukaamka tukala tikiti, tukalala tena. Wewe ulirudi suruali haifungi. Na hawa watoto hata hilo ziwa hawakuliona, wameinamia simu."

"Mimi nililiona," alisema Begimai, mdogo, wa miaka tisa. "Lilikuwa la baridi."

"Tunakwenda milimani," Jipara akaendelea. "Siku tano, kwa miguu na kwa farasi. Kila mtu atatoka jasho. Tunakwenda Kara-Bulak, kwenye malisho ya ukoo wa baba yenu."

Akaifungua karatasi iliyopigwa mistari kwa rula. Siku ya kwanza, kujifunza kutandika farasi na kutembea kilomita tisa. Siku ya pili, kilomita kumi na mbili na kuvuka mto. Ya tatu, maporomoko. Usiku wa mwisho, kulala kwenye hema la sufu la mwenyeji mmoja waliyekwisha kumwandikia. Aizirek, binti mkubwa, wa miaka kumi na minne, aliuliza kama huko kuna mtandao. Alipojibiwa kuwa hakuna alishika tama kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

Sonunbu hakuwa anasikia tena. Tangu jina la mahali lilipotajwa moyo wake ulikuwa unaruka. Miaka kumi na tisa hajaona nyasi za kule. Alifuta mikono kwenye aproni akauliza, kwa sauti aliyoifanya iwe ya kawaida, "Na mimi nitabeba nini?"

Kubat akamtazama mkewe. Mkewe akatazama karatasi.

"Mama," Kubat alisema, "wewe tumekupangia Tokmok, kwa mama mdogo Kenje. Utapumzika."

"Kenje anatazama tamthilia za Kituruki toka asubuhi. Siku tano kwake, nitarudi hapa nalia kwa Kituruki."

Watoto wakacheka. Kubat hakucheka.

"Mama, goti lako nalijua. Mwezi wa Januari ulianguka kwenye barafu pale sokoni. Nani alikubeba? Mimi. Ulikuwa umelala pale chini, uso mweupe, na mimi nakuita huitiki. Sitaki kuliona lile jambo tena, na huko juu hakuna daktari. Usinilazimishe."

Macho yake yalikuwa mekundu. Sonunbu alimwona mwanawe kuwa anaogopa kwelikweli. Akamimina chai. Lakini moyoni alikata shauri papo hapo kwamba atakwenda, ila hakujua bado kwa njia gani.

Kumbe nafasi ilikuwa mlangoni. Wiki mbili nzima Jipara alipiga simu akitafuta farasi, na kila mwenye farasi alimjibu kuwa Julai imejaa, wageni wamechukua hata punda. Jipara akaanza kuikunja ile karatasi, akiifungua na kuikunja tena. Sonunbu akamwacha ahangaike siku moja zaidi, maana hata bibi mwema ana ukorofi wake, kisha akasema:

"Mimi namjua Sagin."

"Sagin yupi?"

"Mtoto wa yule aliyekuwa akipigilia kwato za farasi wa posta. Ana farasi wengi kuliko meno. Nikimpigia mimi atakataa vipi? Barua za mchumba wake nilizibeba mimi."

Jipara karibu amkumbatie. "Mama, wewe ni dawa! Basi mwambie Jumatatu, tarehe kumi na nne, asubuhi, pale Kara-Bulak penye daraja. Farasi wanne."

"Wanne?"

"Wanne, Mama," alisema Jipara, akapunguza sauti. "Tafadhali."

Sonunbu akameza mate, akachukua simu.

Hapa inabidi nieleze kisa, maana bila hicho hamtaelewa ilikuwaje mwanamke mwenye akili zake timamu akapoteza farasi wanne. Baba wa marehemu mumewe aliitwa Bulakbai, na bulak ni chemchemi. Kwa desturi ya kwao mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe, wala la kaka wakubwa wa mumewe, wala neno lolote linalofanana na majina hayo. Si kwamba ataanguka afe. Ni heshima tu, kama kuvua viatu mlangoni. Wasichana wa leo wanaicheka desturi hiyo, na Jipara alikuwa anataja ukoo mzima wa mumewe, wazima na wafu, kama anaita majina darasani. Lakini Sonunbu aliolewa akiwa na miaka kumi na tisa na hajawahi kuteleza ulimi hata mara moja. Chemchemi yeye aliiita maji yatokayo. Enzi za utarishi, ikija barua ya baba mkwe, aliinyanyua juu bila kusema kitu, na mzee akajua ni yake.

Kara-Bulak, basi, hakuwahi kupataja mdomoni mwake. Nyumbani alisema "kule kwetu" na kila mtu alimwelewa.

Sagin alipokea akiwa mlimani, upepo unavuma kwenye simu kama mtu anachana nguo.

"Dada Sonunbu! Uko hai!"

"Niko hai, na nataka farasi. Wanne, Jumatatu tarehe kumi na nne, asubuhi. Watoto wangu wanakuja kule kwetu."

"Wapi?"

"Kule kwetu, bwana. Kara... ile ya maji. Penye daraja."

"Ya maji! Haya, nimeshika. Nitakuwepo kabla ya jua."

Maji kwa lugha yao ni suu. Na Kara-Suu ipo, bonde jingine kabisa, upande wa pili wa mlima, ndiko posta ilikokuwa, na ndiko Sagin alikomzoea Sonunbu tangu utotoni. Nayo ina daraja. Sagin akaandika Kara-Suu kwenye pakiti ya sigara, akarudi kwa mbuzi wake, na Sonunbu akakata simu akiwa ameridhika kwamba amefanya kazi safi.

Tangu siku hiyo akaanza mazoezi. Watu wote wakishatoka asubuhi, alitia viazi kwenye begi la mgongoni la Begimai, lenye picha ya paka, akashuka ghorofa tano na kupanda tano. Siku ya kwanza alipanda mara mbili, akakaa kwenye ngazi ya tatu akiliambia goti lake maneno ambayo mjukuu hatakiwi kuyasikia. Wiki ya pili alifika mara sita. Jirani wa ghorofa ya pili, mwanamume mstaafu asiye na shughuli, alifungua mlango akamwuliza kama anahama.

"Nahama, ndiyo."

"Mbona kila siku begi ni lilelile?"

"Vitu ni vingi, nyumba ndogo," Sonunbu alimjibu, akaendelea kupanda.

Aliyemfuma hasa ni Aizirek. Alirudi mapema siku hiyo akamkuta bibi yake ghorofa ya nne, kitambaa kimemshuka shingoni, anahema kama mvukuto, paka wa pinki mgongoni.

"Bibi! Unafanya nini?"

"Napumzika," alisema Sonunbu, na wote wawili wakacheka hadi wakashikana.

Aizirek akatoa kiazi kimoja kwenye begi, akakitazama, akakirudisha. "Unataka kwenda, sivyo?"

"Nataka, karibu nife kwa kutaka," Sonunbu alisema. Hakumung'unya maneno, maana mtoto alikuwa amemwuliza kweli. "Aizirek, ninyi mnanijua mimi wa viazi tu. Mlinizoea nikiwa nimekaa. Nilikuwa mtu, mwanangu. Nilivuka mito ambayo wanaume walisimama ukingoni wakinitazama. Nataka mnione mara moja nikiwa kule, basi. Baada ya hapo mnipeleke kwa Kenje hata mwaka mzima."

Aizirek alilivua lile begi kwenye mgongo wa bibi yake, akalivaa mwenyewe, wakapanda pamoja. Kesho yake asubuhi alimsubiri mlangoni amevaa raba, simu imewekwa kuhesabu ngazi. Mtoto aliyelilia mtandao alikuwa sasa anamtisha bibi yake: "Ongeza moja! Usinitanie, Bibi, nimekuona unajifanya unatazama dirishani!" Walifika mara kumi.

Siku ya Jumatano Aizirek alimshambulia baba yake mezani. Akatoa simu, akaonyesha idadi ya ngazi, akaonyesha video. Kubat aliitazama video yote. Kisha akaiweka simu kifudifudi.

"Ngazi zina ukuta wa kushikilia," alisema. "Mlima hauna. Nimesema hapana, Aizirek. Na wewe Mama, na viazi mgongoni? Mungu wangu!"

Sonunbu akasema haya, mwanangu, nimesikia. Akaenda chumbani kukunja nguo za kupelekea Tokmok. Alizikunja vizuri, akazikunjua, akazikunja upya. Aliumia. Aliumia hasa kwa sababu Kubat hakuwa mtu mbaya, na hasira aliyokuwa nayo haikupata pa kutua.

Jumamosi asubuhi, siku mbili kabla ya safari, mabegi yalikuwa yamepangwa ukutani. Sonunbu alikuwa amekaanga boorsok bakuli zima, vile viandazi vya safari, na nyumba yote ilinukia mafuta. Jipara, ambaye hakuwahi kuamini jambo asilolithibitisha mara mbili, alimpigia Sagin na kuiweka simu katikati ya meza ili wote wasikie.

"Kaka Sagin, ni mke wa Kubat. Nataka kuhakikisha tu. Jumatatu, farasi wanne, darajani Kara-Bulak?"

"Kara-Bulak?" Sagin akapandisha sauti. "Kara-Bulak gani tena? Mimi niko Kara-Suu. Farasi nimewashusha jana, wanakula majani hapa mbele yangu. Dada Sonunbu aliniambia Kara-Suu!"

Jipara akamgeukia mama mkwe wake. Sonunbu alikuwa ameshika kijiko cha kukaangia, mafuta yanadondoka sakafuni.

"Hebu subiri, kaka. Unaweza kuwaleta Kara-Bulak?"

"Kwa kuzunguka mlima? Siku nne, shemeji. Siwezi kufika Jumatatu hata wakiota mabawa."

"Tutakupigia," Jipara alisema, akakata simu. "Mama. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia kule kwetu. Kara... ile ya maji."

"Hukusema jina?"

Sonunbu akafuta kijiko kwenye aproni.

"Sema jina la mahali tunakokwenda, Mama."

Sonunbu aliangalia sakafu yenye mafuta. Ndipo Jipara akaelewa, akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Babu Bulakbai! Lo, jamani! Ni babu Bulakbai!"

"Bibi, ni nini?" Begimai aliuliza.

"Bibi yenu hatamki jina la mkwewe," alisema Kubat, na sauti ilikuwa imempanda. "Mama! Babu alikufa mwaka themanini na tatu! Miaka arobaini! Nani angekukasirikia?"

"Amekufa kwako wewe," alisema Sonunbu. "Mimi bado ni mkaza mwana wake. Hakuna aliyekuja kuniambia nimeachishwa kazi."

Kubat akainuka, akazunguka meza, akarudi. "Basi, imekwisha. Likizo yangu ni wiki moja, hairudi. Kara-Bulak hakuna farasi, na mabegi ya siku tano hatuwezi kuyabeba na mtoto wa miaka tisa. Tunakwenda ziwani. Nilisema tangu mwanzo, ziwani."

Begimai akaanza kulia. Aizirek alisema hataki ziwa, na akalisema kwa kupiga ngumi kwenye begi. Jipara alikuwa amekaa, karatasi yake yenye mistari mkononi, na Sonunbu alimtazama akaona kuwa mwanamke huyu, na ukali wake wote, yuko karibu kulia. Sonunbu akaona aibu. Wiki zote hizo za kuhangaika, na aliyeziharibu ni yeye, kwa neno moja ambalo hakulisema.

Akaweka kijiko. Akavuta bakuli la boorsok katikati ya meza.

"Tazameni hapa," alisema. Akatoa kiandazi kimoja akakiweka pembeni. "Hapa Kara-Suu. Farasi wapo hapa." Akaweka kingine mbali, karibu na birika. "Hapa kule kwetu. Kwa gari mnazunguka hivi, sijui kilomita ngapi. Lakini mimi kila Alhamisi sikuzunguka, barua zingefika zimeota ukungu. Nilipita katikati." Akapanga viandazi mstari mmoja, kimoja kimoja. "Siku tatu kwa watu wenye watoto. Mimi nilikwenda kwa siku moja na nusu, ila nilikuwa na farasi mwehu."

Kubat alitoa simu akatafuta ramani. "Hakuna njia hapo, Mama. Angalia, ni kijivu kitupu."

"Huyo aliyechora hakuwa na barua za kupeleka."

Jipara tayari alikuwa ameshapiga simu. Alimweleza Sagin kwa maneno machache: Kara-Suu hadi Kara-Bulak, kwa kupita juu.

"Njia ya barua?" Sagin akacheka. "Shemeji, sijasikia mtu akiitaja miaka mingapi! Mimi naijua hadi daraja la pili. Marehemu baba ndiye aliyeijua yote. Baada ya daraja njia inapotea, nilijaribu mwaka juzi nikarudi. Sitawapeleka watoto wa watu mahali nisipopajua."

"Ulikwenda kulia au kushoto?" Sonunbu aliuliza kwa nguvu, akaiinamia simu.

"Kulia, dada. Kisha nikajaribu kushoto. Pote ni mawe."

"Si kulia wala si kushoto. Unaingia mtoni. Unapanda ndani ya mto wenyewe, hatua kama mia mbili, maji hayapiti magoti ya farasi, mpaka kwenye jiwe kubwa lenye shimo kama kikombe. Hapo unatokea upande wa mashariki na njia unaiona. Lakini asubuhi tu! Mchana barafu ikishayeyuka usithubutu, lala chini ungoje."

Kwenye simu wakasikia farasi wa Sagin akikoroma pua.

"Ndani ya mto," alisema Sagin polepole. "Na mimi mjinga natafuta ukingoni. Na huko juu, dada, baada ya theluji?"

"Huko kuna njia mbili, na moja ni mbaya. Siwezi kukuelezea kwa mdomo. Nikiwa pale farasi anajua na mimi najua."

"Basi maneno yamekwisha," alisema Sagin. "Mje na mama yenu, au msije."

Kila mtu jikoni akamtazama Kubat. Yeye alikuwa anatazama ule mstari wa viandazi, kutoka pembeni ya meza hadi kwenye birika.

"Goti," alisema, lakini alilisema kwa unyonge.

"Kubat, mwanangu." Sonunbu akakaa karibu naye, akamshika mkono kama alivyomshika alipokuwa mdogo. "Nilianguka sokoni, kwenye barafu ya mjini, na kabichi mkononi. Hakuna aliyesema nisiende tena sokoni. Juu ya farasi sianguki. Na nikianguka, nitakuwa nimeanguka nikienda mahali. Unanificha hapa ndani ili nisife, nami nashukuru, lakini unanifichia na maisha pia. Nakuomba."

Hajawahi kumwomba mwanawe kitu tangu amzae. Kubat aliufunika uso kwa mikono miwili, akakaa hivyo. Jipara alimwekea mumewe mkono mgongoni, na kwa kichwa akampa Sonunbu ishara ya kumwambia angoje.

"Kaka Sagin," Kubat alisema hatimaye, akiwa bado amejifunika. "Una farasi wanne tu?"

"Niliowashusha ni wanne tu, ukitoa wangu wa kupanda. Wengine wako juu malishoni."

"Basi mimi nitatembea. Mama apate farasi mtulivu, sikia, mtulivu! Ukimletea mwehu tutagombana mimi na wewe."

Aizirek na Begimai walipiga kelele hadi jirani wa chini akagonga dari. Sonunbu akachukua kitambaa akaanza kufuta mafuta sakafuni.

"Sasa nipeni majina," alisema Sagin. "Njia ya juu inapita kwa walinzi wa malisho, na wao wanataka jina na ukoo wa kila mtu, nipeleke leo. Dada Sonunbu, wewe ndiye unayeongoza, anza."

Sonunbu akainuka na kitambaa chake. "Sonunbu," alisema.

"Sonunbu nani? Ukoo."

Hapo ulimi ukasimama. Maana alipoolewa walimwandika kwa jina la ukoo wa mumewe, na ukoo huo ulitokana na jina la baba mkwe. Jina lake mwenyewe hakuwahi kulitamka lote. Zahanati alitoa kitambulisho. Kwenye kupiga kura alitoa kitambulisho. Kazini alitia sahihi miaka ishirini na minane, maana mkono si mdomo, lakini walipoita majina aliitikia tu, "Nipo."

Alimtazama Jipara. Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile alimtazama bila kujificha, kama mtu anayeomba kushikwa mkono kwenye utelezi.

Jipara akaivuta simu. Angeweza kucheka, na siku nyingine angecheka. Akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti yake ya darasani, wazi, neno kwa neno:

"Andika wa kwanza. Bulakbayeva Sonunbu."

Sonunbu aliposikia jina la mkwewe aliinamisha kichwa kidogo, kama impasavyo. Jipara akangoja mpaka akiinue.

"Nimeandika," alisema Sagin. "Kuna sehemu hapa ya kujaza. Wanauliza, huyu ni mgeni au nani?"

"Kiongozi," alisema Jipara. "Andika kiongozi. Sisi wengine wanne ndio wageni."